Bwana Shamba na Mihogo ya Dada Yake

Walimwita Bwana Kamba, naye hakukasirika, maana kamba ndiyo iliyompa kazi. Ilikuwa na mafundo kila baada ya sentimita thelathini, na penye fundo ndipo shimo la mbegu lilipochimbwa. Alitoka nayo chuo cha kilimo, pamoja na buti mpya za mpira na maneno mengi ya moto. Alikuwa ametumwa kuwafundisha watu kilimo cha mahindi: mbegu ya dukani, mbolea ya dukani, mistari iliyonyooka, zao moja shamba zima. Tena alipangiwa kijijini kwao mwenyewe. Siku ile kila mtu aliona ni bahati.

Mama yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya. Aliyembeba mgongoni, akamlisha uji na kumpeleka shule ni dada yake mkubwa, na shamba lililomlea lilikuwa la huyo dada. Lilikuwa shamba la mchanganyiko hasa: mtama huku, kunde zikitambaa chini yake, maboga popote yalipopenda yenyewe, na mteremkoni mihogo, mingine ya mwaka huu, mingine imekaa ardhini miaka miwili ikingoja siku ya shida. Hakukuwa na mwaka mazao yote yalikubali, wala mwaka yote yalikataa. Kwa hiyo nyumba ile haikuwahi kutajirika, wala haikuwahi kulala na njaa.

Bwana shamba alihitaji shamba la mfano. Mikutanoni watu walimsikiliza huku wakipiga miayo, na njiani walimcheka kwa zile buti zake. Akaona dawa ni moja tu: wakimwona dada yake mwenyewe amekubali, watafuata. Asubuhi moja akaenda akamkuta jikoni anapepeta mtama.

"Dada, nataka shamba lako lote liwe mahindi."

"Lote?"

"Lote. Hata mihogo tuing'oe. Inanyonya ardhi bure."

Dada akaendelea kupepeta mpaka makapi yakaisha kwenye ungo. "Na msimu ukiharibika, tutakula nini?"

"Hii ni mbegu ya kisasa, dada. Imefanyiwa utafiti."

"Haya, mdogo wangu. Kachukue jembe."

Waling'oa kwa siku tatu. Majirani walisimama kando wakitazama, na dada ndiye aliyeng'oa kwa nguvu kuliko wote. Baada ya wiki moja kijiji kizima kilikuwa kinaomba kamba. Alibaki mtu mmoja tu, mfyatua matofali wa bondeni, ambaye watu walimwita Kichwa Ngumu. Huyo alisema hataki. Bwana shamba, ambaye sasa kichwa kilikuwa kimemvimba, akamtania mbele ya mkutano kwamba shamba lake limekaa kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Watu wakacheka mpaka wakapigana makofi ya mgongoni.

Tuseme haki, mahindi yalikubali. Miaka minane mfululizo yalibeba vizuri, malori yakaja kuyabeba, nyumba zikapata mabati. Bwana shamba hakuwa mwongo. Kosa lake ni kwamba alihesabu magunia, akasahau kuhesabu njia za kuponea. Mtu wa mtama na mihogo akipigwa huku, anashika kule. Hawa sasa walikuwa wameshika tawi moja, wote, kijiji kizima.

Mwaka wa tisa mvua ilikatika mahindi yakitoa ndevu. Mwaka wa kumi mvua ilikuja, nao viwavijeshi wakaja nyuma yake, wakala shamba hadi shamba, maana hawakuwa na haja ya kutafuta. Chakula chao kilikuwa kimepangwa kwa mistari. Ghala zilikuwa tupu, kwa sababu mavuno yalikuwa yakiuzwa karibu yote yakiwa bado na joto la jua. Waliojaribu kupanda punje walizovuna kutokana na mbegu ile ya dukani walipata mabua membamba yasiyo na kitu, maana ilikuwa mbegu ya kununuliwa upya kila msimu. Mbegu za mtama hakuna aliyekuwa amezitunza, na wakati wa mtu kwenda nyuma ya nyumba akachimbua muhogo ulikuwa umepita.

Mjukuu wa dada alikuwa na miezi saba. Maziwa ya mama yake yalikauka, uji ukawa maji matupu, na mtoto akafariki siku ya Jumanne, mchana, mikononi mwa bibi yake. Watu husema majuto ni mjukuu. Tangu mazishi hayo, hakuna aliyethubutu kuutamka msemo huo mbele ya bwana shamba.

Alingoja dada amlaumu. Dada hakumlaumu. Alimkaribisha, akampa kigoda, akamuuliza habari za kazi. Hilo ndilo lililomtafuna. Aliona afadhali angetukanwa, ili naye apate pa kuanzia kuomba radhi.

Mawingu ya msimu mpya yalipoanza kukusanyika, alipanda baiskeli akateremka bondeni kwa Kichwa Ngumu. Mihogo aliyobakiza kwa mbegu, baada ya mingine kuliwa na majirani, ilikuwa imesimama pale, imemzidi mtu kimo.

"Karibu," alisema mfyatua matofali. "Utanisamehe, nywele bado sijachana."

Bwana shamba aliinamisha kichwa. "Nimekuja kuomba pingili za kupanda, kaka. Za dada yangu."

Kichwa Ngumu alimtazama kidogo, kisha akachukua panga. "Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini na mimi nimezika jirani wengi mwaka huu, sina hamu ya kucheka." Akamkatia mzigo mkubwa, akaufunga mwenyewe nyuma ya baiskeli. "Changanyeni na kunde," akasema.

Kesho yake ndugu wawili walikuwa shambani, kaka akiinua matuta, dada akichomeka pingili. Walifanya kazi mpaka matuta yakakaribia kwisha. Kisha bwana shamba akaweka jembe chini.

"Dada, nisamehe. Nilikudanganya."

"Hukunidanganya. Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba tunakosea. Mbegu ya mihogo ile aliileta mama. Ndiyo iliyotuvusha njaa ya zamani, wewe hujazaliwa. Nilijua siku ile ile uliponikuta napepeta."

"Sasa mbona ulikubali?"

Dada alijifuta udongo mikononi, polepole, kidole kimoja kimoja. "Ulikuwa ndiyo kwanza umepata kazi. Watu walikuwa wanakucheka njiani. Ningekataa mimi dada yako, nani angekusikiliza? Mchelea mwana kulia hulia yeye. Basi, nimelia."

Alikuwa amejiandaa kwa lawama miezi yote ile, hata maneno ya kujibu alikuwa nayo. Hili hakuwa amelitegemea. Alikaa chini hapo hapo juu ya tuta, mtu mzima aliyeanza kuota mvi, akalia kwa sauti. Dada alimwacha alie. Zilikuwa zimebaki pingili kama ishirini na jua lilikuwa linapanda, akaendelea kuzichomeka peke yake mpaka zikaisha.