Mvua Juu ya Mabati

Usiku ule nilikwenda kulala nikiwa bado nabishana na uamuzi wangu wa zamani: kukubali vigae vya udongo vya kanisa letu viteremshwe, mabati yapandishwe. Nilikuwa mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Ningesema hapana, lisingepanda hata bati moja. Lakini makanisa ya jirani huku Upareni yalikuwa yameanza kung'aa, nami sikutaka kuitwa mtu wa kale. Jumapili jengo lile ni kanisa, siku nyingine ni shule, na mke wangu Nakijwa alifundisha darasa la kwanza humo. Yeye peke yake ndiye aliyeniuliza, "Baba Eliza, mvua ikinyesha nitafundishaje?" Nikamjibu apaze sauti.

Sasa Nakijwa ni marehemu, mabati yameliwa na kutu, na vijana wa kamati wanataka kurudisha vigae. Vizima vilivyobaki vimepangwa kuzunguka bustani ya mchungaji. Vingine vitafinyangwa na kuchomwa hapa hapa, kwa udongo wa bondeni. Mbao za paa bado imara, hakuna mti utakaokatwa. Walingoja neno langu tu, kwa kuwa wazee wenzangu wa wakati ule wote wamekwisha kufa. Nilikuwa nimepanga kukataa. Kukubali kungekuwa kutangaza kwamba nilikosea.

Nikaota nimekaa kwenye dawati la darasa la kwanza, magoti yamebanwa. Nakijwa alikuwa mbele na chaki yake. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Midomo yake inatembea, sisikii kitu. Naweka kiganja sikioni. Anatikisa kichwa, anageuka kuandika ubaoni, na maji yanachuruzika kutoka juu yakifuta kila anachoandika.

Kisha tuko nje, juani, sijui tumetokaje. Wanafunzi wake wamejipanga kutoka bustani ya mchungaji mpaka ukutani, wanapokezana vigae mkono kwa mkono. Wamo walio hai na waliokufa, wote wadogo, wote na kaptura na sketi za shule. Nakijwa amesimama juu ya ngazi.

"Baba Eliza, umekaa kama mgeni wa harusi. Pokea!"

Napokea. Kigae ni baridi, kina ukungu wa kijani mgongoni.

"Hiki kina ufa," nasema.

"Na wewe je?"

Watoto wanaangua kicheko. Nami nacheka, jambo ambalo sijalifanya tangu aondoke.

Tuko ndani tena. Mvua ni ile ile, lakini huko juu inasikika kama mtu anayepepeta mchele chumba cha pili. Nakijwa amekaa kando yangu kwenye dawati. Namwambia lile neno nililolibeba siku zote.

"Mama Eliza, nisamehe."

"Nilishakusamehe," anasema, bila kupaza sauti hata kidogo. "Nilikwambia siku ile ile. Mvua ilikuwa kubwa, hukusikia."

Kisha ananipangusa vumbi la kigae begani. "Kesho waambie ndiyo. Waambie polepole, wakusikie."

Nikaamka kumeshakucha, kifua chepesi kama cha mtu aliyetua mzigo wa kuni. Sikungoja chai. Nikawakuta vijana kwenye ngazi za kanisa, nikamwambia mwenyekiti wao, binti anayeitwa Neema, "Nilikosea. Rudisheni vigae."

"Jamani, Babu! Tulijiandaa kubishana na wewe mpaka jioni!"

Wakacheka, nikacheka nao. Nikawaeleza ndoto, na maana yake nikawaachia waitafute wenyewe. Lakini hili nilitaka walijue pia. Siku tulipomuaga Nakijwa kanisani, mvua ilinyesha. Wanafunzi wake walisimama mbele ya jeneza wakamwimbia. Niliona midomo yao ikifunguka na kufumbika. Wimbo wenyewe sikuusikia.