Misumari Miwili ya Jeneza la Kasingirima

Asumani ni fundi wa mbao huko Kasingirima, Ujiji. Kazi yake ni kurudisha viungo vilivyolegea vya viti, vitanda na meza za urithi, na sifa yake ni kwamba hapigi msumari. Hufungua kiungo, akakwangua gundi kuukuu ndani ya tundu kwa mashine ndogo ya mkono, nene kama gunzi, yenye ncha inayozunguka. Kisha huurudisha ulimi wa mbao tunduni, akaubana.

Asubuhi moja Mzee Hamdani, mtunza msikiti, alileta jeneza linalobeba maiti wote wa mtaa. Mkono wa mbele ulikuwa unacheza.

“Hicho ndicho cha kung’olea meno?” aliuliza, akiitazama mashine.

“Umebakiza lipi, Mzee, nianze nalo?”

Mzee alicheka kidogo. Siku arobaini nyuma alikuwa amembeba mkewe, Yasmini, jeneza likainama ghafla, na maiti ikateleza hadi ukingoni mbele ya watu. Tangu hapo alikuwa hajabeba tena.

“Mbao utaitengeneza,” alisema. “Bega langu ndilo lililomwangusha.”

Akageuka kulitazama ziwa nje ya karakana.

Asumani aliwasha mashine, akaiingiza tunduni penye mkono uliolegea. Ncha ikagonga chuma, ikatoa cheche. Ndani ya ulimi mlikuwa na misumari miwili, na mbao imepasuka kati yake. Aliijua misumari hiyo. Mwaka juzi mkono huo ulilegea siku ya maziko mengine, kaburi limeshachimbwa, watu wanasubiri, naye akaipigilia upesi na kuvifunika vichwa vyake kwa rangi. Hakumwambia mtu.

Angeweza kuing’oa na kuitia mfukoni. Mzee alikuwa bado amempa mgongo.

“Mzee, njoo uone.” Akaing’oa misumari, akamwekea kiganjani. “Niliipiga mimi. Ndiyo iliyopasua ulimi. Bega lako halina kosa.”

Hamdani aliipindua misumari kwa kidole.

“Kwenye maziko ya Yasmini ulikuwepo.”

“Nilikuwepo.”

“Ukajua.”

“Nilihisi, Mzee. Nikaogopa.”

Hamdani aliondoka bila kuaga. Asumani alichonga ulimi mpya, akaupaka gundi, akaukaza, akakaa nao siku nzima ukikauka.

Alhamisi mvuvi mmoja wa Ilagala, aliyefia kwa dada yake hapo mtaani, alikuwa anazikwa. Hamdani aliutikisa mkono wa mbele mara mbili. Haukucheza. Akainama, akatia bega.

Asumani alisogea kuushika mkono wa pili wa mbele.

“Wewe nyuma,” mzee alisema.

Akaenda nyuma, akabeba.