Bendeji ya Mama Mistari

Kazini walimwita Mama Mistari, maana suruali aliyoipiga pasi yeye ilitoka na mstari ulionyooka kabisa. Miaka kumi na tisa alisimama kwenye meza ileile ya dobi ya hoteli, sakafu ya saruji, mvuke usoni, na miguu ndiyo iliyoumia. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilijilaza juu ya mwenzake, na pembeni pakaota nundu iliyokataa kila kiatu. Jamani, mtu mzima na heshima zake alikuwa analia akivaa viatu.

Daktari wa mifupa hakumpasua mguu wazi. Alitoboa matundu matatu madogo, akaingiza kichombo chembamba kinachozunguka, akakata mfupa na kukinyoosha kidole. Chuma hakuweka. "Sikiliza, mama," alimwambia akimalizia kumfunga. "Kinachoshika mfupa huu ni bendeji tu. Asiiguse mtu. Nitaibadilisha mwenyewe wiki ya tatu." Kazini wakakubali kumwekea meza yake wiki sita, isizidi hata siku moja.

Siku ya tisa msimamizi wa dobi akaja kumjulia hali. Wifi wa Mama Mistari, anayeishi naye, akachochea: "Operesheni gani hii, wifi, umerudi siku hiyohiyo unatembea kwa miguu yako!"

Msimamizi akacheka. "Hata kule kazini wanasema umejipumzisha tu."

Ilimchoma moyo. Miaka yote hiyo hajakosa kazi, leo aitwe mtegea kazi! "Haya, tazameni basi!" Akainama, akaifungua bendeji yote mpaka mguu ukabaki mtupu. Matundu matatu yaliyokauka, kama mtu kachomwa miiba.

"Ndiyo haya tu?" msimamizi akauliza.

Mgeni alipoondoka, akaifunga tena mwenyewe, na hapo ndipo alipojimaliza, maskini. Kila mzunguko aliulaza juu ya alama yake ya zamani, akaubana, akaupapasa. Ungeapa haijaguswa. Aliposikia kitu kinacheza ndani, aliuma meno, akajiambia kitatulia.

Wiki ya tatu daktari alitazama picha ya eksirei. Mfupa ulikuwa umekaa upande na umeanza kushika hivyo hivyo.

"Nani alifungua?"

"Mimi, daktari. Lakini niliirudisha vilevile. Vilevile kabisa!"

"Bendeji uliirudisha, mama. Mfupa hukuurudisha." Akamweleza kwamba sasa atapasuliwa upya, kwa kisu na vyuma, na kukaa miezi minne bila kusimama kazini.

Msimamizi hakungoja. Wiki ya saba wifi alirudi kutoka hotelini na mfuko wa plastiki, hana utani tena, akauweka kitandani. Ndani mlikuwa na aproni ya kazi ya Mama Mistari, imekunjwa ovyo, kamba zinaning'inia. Akaitandaza mapajani, akailinganisha ncha kwa ncha, akaikunja upya huku analia kwa sauti, na wifi yake akashindwa kumtazama.