Darubini Iliyoniandamishia Mwezi

Jamani, leo nimetangaza Idi peke yangu, na Kivinje nzima imeniamini!

Chanzo ni darubini. Nimeinunua wiki hii hapa mtaani, kwa bei ya kutia aibu, ili nione mwezi kabla ya watu wote. (Kutafuta sifa tu.)

Dukani nilikagua shaba inavyong'aa. Nikasifu mkoba wa ngozi. Nikapapasa mhuri wa kiwanda cha Udachi, ambao hata kuusoma siwezi, nikaitikia kwa kichwa kama mjuzi.

Kuchungulia? Sikuchungulia.

Basi leo, baada ya kufuturu, nikapanda darini. Mwezi huo! Mwembamba, mzuri. Nikapiga kelele mpaka koo likakauka. Ngoma zikalia, jirani akachinja kuku.

Maalimu wa msikiti wetu akaja, akaiomba darubini. Akatazama magharibi. Kisha akaigeuzia boma la Wadachi.

"Mashallah, hata juu ya askari umeandama."

Akanigeuzia mimi.

"Na puani kwako upo."

Kumbe ni mkwaruzo! Mkwaruzo kwenye kioo cha ndani, umepinda kama hilali.

Nikakimbilia dukani nitengenezewe. Fundi yuko wapi? Yuko Udachi. Mwenye duka hata haya hana:

"Bwana, darubini za wenzako zinaonyesha mwezi ukiwapo. Yako inaonyesha hata usipokuwapo, nawe unalalamika?"

Haya, chekeni. Ila kesho tunafunga tena; njaa ikiwashika, msije barazani kwangu kuniuliza kama jua limeshazama.