Vitabu Vilivyopita Jogoo Road

Nilipofika katika shule ile ya msingi, mtaa wa Jericho jijini, nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, viatu jozi moja vya kufundishia, na darasa la saba lenye watoto sabini na wawili. Vitabu vya sayansi vilikuwa tisa. Miaka hiyo ya tisini kitabu kilinunuliwa na mzazi, na wazazi wetu walikuwa vibarua wa viwandani, mama wa kuuza mboga, au watu walioachishwa kazi mwaka huo huo. Kwa hiyo kitabu kimoja tulikiweka katikati ya watoto wanane, wanne upande huu wa meza na wanne upande ule.

Baada ya majuma mawili niligundua jambo. Kulikuwa na msichana aliyekuwa akikwama kila nilipompa kitabu asome mbele ya wenzake. Siku moja alikipokea kikiwa kimepinduliwa kichwa chini, akasoma ukurasa mzima bila kusita hata mahali pamoja. Tangu darasa la nne alikuwa amekaa upande ule wa pili wa kitabu. Darasa lilicheka, na yeye akacheka, nami nikacheka nao. Kisha nikaenda nyuma ya ofisi ya walimu, nikasimama huko mpaka macho yakakauka.

Nilikuwa nikiishi Makongeni na kaka yangu, mfanyakazi wa reli, katika chumba tulichokigawa kwa pazia. Kila asubuhi nilitembea hadi shuleni, na wakati wa mapumziko ya saa nne nilinunua mandazi mawili kwa mama mmoja aliyekaa langoni. Aliyafunga kwa gazeti la zamani. Mimi ni mtu wa kusoma chochote kilicho mkononi, hata maandishi ya sanduku la kiberiti, kwa hiyo Jumatano moja ya mwezi wa Aprili nilikuwa nasoma lile gazeti huku nikila.

Mafuta yalikuwa yameenea katikati ya ukurasa, lakini maneno yalionekana. Lilikuwa tangazo la serikali kuhusu vitabu vya shule za msingi za umma. Shule ambayo haikuwa imechukua vitabu vyake ilitakiwa kuvichukua kwenye bohari moja ya Industrial Area, eneo la viwanda, kabla ya saa kumi jioni siku ya Ijumaa, ikiwa na barua ya mwalimu mkuu yenye muhuri. Vitakavyosalia vingepelekwa wilaya nyingine.

Nilitafuta tarehe. Ijumaa iliyotajwa ilikuwa keshokutwa.

Mwalimu mkuu wetu alikuwa mzee wa suti ya kijivu, aliyebakiza miaka miwili astaafu. Nilimwekea lile gazeti mezani. Alilisoma bila kuligusa.

"Waraka uko wapi?" akauliza.

"Sina waraka, mwalimu. Lakini tangazo ni la serikali."

"Tangazo ni la kila mtu. Waraka ni wa shule. Mimi siwezi kuandika barua kwa sababu ya karatasi ya mandazi."

Nikabaki nimesimama mbele ya meza. Nadhani alinionea huruma, maana alivua miwani akanieleza. Zamani, akiwa kijana, alisikia redioni kwamba shule zote zinatakiwa kwenye sherehe fulani. Akawapeleka watoto wake wote. Kumbe mpango wa sherehe ulikuwa umebadilishwa, na hakuna waraka uliokuwa umetoka. Alihamishwa wiki hiyo hiyo hadi shule ya mbali, akaishi miaka mitatu bila mke wala watoto.

"Redio haikuja kunitetea," akasema. "Rudi darasani, mwalimu."

Hakuwa mtu mbaya. Nilirudi darasani. Lakini nilipowatazama wale watoto wameinamisha vichwa juu ya vitabu tisa, niliona kwamba Jumatatu ningekuja kufundisha nikijua kuna vitabu vyao vilivyokwenda mahali pengine. Sikuweza kulimeza hilo.

Alhamisi asubuhi nilimwomba mwalimu wa darasa la sita anitazamie watoto wangu. Nikakata njia ya miguu kuvuka reli nyuma ya Makongeni, nikaulizia bohari kutoka lango hadi lango. Nilimkuta karani mmoja mwembamba, kalamu sikioni, anakunywa chai. Nikamtajia jina la shule. Akafungua orodha ndefu, akashusha kidole.

"Hii hapa," akasema. "Mbona hamji? Wenzenu wote wa upande huo wamechukua."

"Hatukupata waraka."

"Waraka ulitoka Februari."

Akanigeuzia orodha nione mwenyewe. Kila shule ilikuwa na sahihi mbele yake, yetu ina nafasi tupu. Juu ya ukurasa palikuwa na namba ya waraka. Sikuwa na karatasi, na sikutaka kuomba nisije nikaambiwa ondoka. Niliazima ile kalamu nikaiandika namba kwenye kiganja.

Nilirudi shuleni mkono nimeukunja, nisije nikaifuta kwa jasho. Mwalimu mkuu alinitazama nikiingia ofisini bila kubisha hodi. Nikafungua kiganja mbele yake. Akavaa miwani, akanishika kifundo cha mkono kama daktari, akaisoma ile namba mara mbili, midomo ikicheza.

"Alama ya mkwaju, kisha idara, mkwaju tena, kisha mwaka," akasema taratibu. "Hii ni namba ya kweli. Mtu wa mtaani hawezi kuibuni."

"Ndiyo, mwalimu."

"Kama kuna namba, kuna waraka. Kama haujafika, hilo ni kosa la njia. Si letu."

Akavuta droo, akatoa muhuri, akaupumulia wino uliokauka. Barua ile aliiandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa hati nzuri ambayo siku hizi haipatikani. Aliponikabidhi akasema, "Gari, hata hivyo, sina."

Gari nami sikuwa nalo. Lakini katika darasa langu kulikuwa na msichana ambaye baba yake alikuwa mtu wa mkokoteni sokoni Gikomba, mkazi wa Shauri Moyo. Jioni ile tulikwenda naye. Tulimkuta baba akipaka gurudumu grisi, mtu mfupi mwenye mabega mapana. Nilimweleza shida yangu kwa haraka, nikamwambia kwamba sina cha kumlipa.

Alijifuta mikono kwa kitambaa.

"Mwalimu," akasema, "mimi nimebeba viazi. Nimebeba majeneza. Nimebeba vitanda vya watu waliofungiwa nyumba. Vitabu sijabeba bado. Mko na kazi saa ngapi?"

Ijumaa saa sita mchana alikuja na wenzake wawili, kila mmoja na mkokoteni wake. Mwalimu mkuu alisema atabaki shuleni, barua inatosha. Tukaenda kwa barabara, maana mkokoteni hauvuki reli, tukazunguka hadi Industrial Area. Saa nane na nusu tulikuwa langoni.

Yule karani alinifurahia aliponiona. Alipoona mikokoteni, furaha ikaisha.

"Mimi ningewapa," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini mkubwa wangu amesema shule zije na gari. Mkokoteni ukianguka huko, nitaulizwa mimi."

Nilimsihi. Baba wa Shauri Moyo alimsihi pia, akamwonyesha jinsi magurudumu yalivyo mazima. Karani aliingia ndani, akatoka, akatikisa kichwa. Saa tisa ikapita. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa mjini. Nikakaa kwenye mpini wa mkokoteni.

Hapo ndipo nilipomwona mzee wa suti ya kijivu akija kando ya barabara, kwa miguu, tai imelegea, viatu vyeupe kwa vumbi. Alitupita bila salamu, akaenda moja kwa moja kwa karani.

"Mimi ni mwalimu mkuu," akasema. "Naomba kuuona waraka."

Karani akamletea faili. Mzee akakaa juu ya sanduku, akausoma waraka wote, kutoka anwani hadi sahihi. Sisi tulisimama tukimtazama. Hatimaye akasimama, kidole mahali pake.

"Aya ya tano. 'Kila shule itajitafutia chombo cha usafiri.' Umeona mahali pameandikwa gari?"

Karani akainama, akasoma. "Hapana, mzee."

"Kile pale ni nini?"

"Mkokoteni."

"Unasafiri, au hausafiri?"

Karani alibeba faili akaingia nayo ndani. Tulisikia sauti ya mkubwa wake, kisha kicheko kirefu. Alipotoka alikuwa na funguo mkononi, naye pia alikuwa anacheka.

Tulipakia haraka. Maboksi ya sayansi, ya hisabati, ya Kiswahili, ramani za ukutani zilizokunjwa kama mikeka. Mwalimu mkuu alitia sahihi kwenye ile nafasi tupu dakika kumi kabla ya saa kumi. Alipomaliza aliiangalia sahihi yake kwa muda, kana kwamba ilikuwa ya mtu mwingine.

Tukaingia Jogoo Road. Baba wa Shauri Moyo alitangulia, miguu ikikimbia, akipiga mluzi watu wapishe. Mwalimu mkuu alivua koti, akaliweka juu ya maboksi, akawa anasukuma mkokoteni wa mwisho kwa nyuma. Sikuwa nimewahi kumwona hata siku moja bila koti. Mbele ya Makongeni matone ya kwanza yakaanguka. Nikaanza kuomba moyoni, maana maboksi yale yangelowa, vitabu vingekuwa uji.

Majirani zangu, wake wa watu wa reli, walikuwa kando ya barabara wakianua nguo. Mmoja alinitambua, mama aliyekuwa akiniita binti yake kwa sababu tulitoka upande mmoja wa magharibi.

"Mwalimu, mnahama?" akaniita.

"Ni vitabu vya watoto, mama. Vitalowa."

Hakuuliza la pili. Aligeuka akaita majina kwa sauti ya kanisani, na milango ikafunguka. Walileta karatasi za nailoni, turubai la kufunikia makaa, hata kitambaa cha meza cha plastiki chenye picha za matunda. Walifunika mikokoteni yote mitatu na kuifunga kwa kamba za nguo. Mvua ilipokuja yenyewe, sisi tulilowa hadi mifupani na vitabu vikabaki vikavu. Wanne kati ya wale kina mama hawakurudi nyumbani. Walisukuma nasi, wakiimba wimbo wa sifa. Makondakta wa matatu waliokuwa wakituzomea kwa kuziba njia, waliposikia ni vitabu vya shule, waliwaambia madereva wangoje.

Watoto walikuwa wamekataa kwenda nyumbani. Walitoka langoni kutupokea, wameloa, wakipiga kelele.

"Ticha, mabuku zimekam?" mmoja akauliza kwa Sheng, akitaka kujua kama vitabu vimefika.

Siku nyingine yoyote mwalimu mkuu angemsimamisha mtoto pale pale na kumrudisha kwenye Kiswahili sanifu. Siku hiyo alijibu, "Zimekam." Watoto walitazamana, kisha kelele zikaanza upya.

Walijipanga kutoka langoni hadi ofisini, chini ya paa la baraza, wakapitisha maboksi kutoka mkono hadi mkono. Baba wa Shauri Moyo hakuondoka mpaka boksi la mwisho likaingia. Binti yake alikuwa katikati ya mstari, na kila boksi lilipomfikia aliwaambia walio karibu naye kwamba hilo lililetwa na babake.

Jumatatu niliwagawia watoto wawili wawili kitabu kimoja. Nikawaambia wafungue sura ya moyo na damu, wasome kimyakimya. Nilikuwa nimefundisha miezi mitatu bila kuusikia ukimya wa aina ile. Kurasa zilifunuliwa pamoja, na mimi mwalimu nikakosa kazi ya kufanya kwa dakika ishirini. Nilizunguka tu kati ya meza nikiwatazama.

Waraka wenyewe ulifika mwezi wa Mei, katika bahasha iliyopitia shule mbili zenye majina yanayofanana na letu. Mwalimu mkuu aliusoma kwenye paredi ya asubuhi, mstari kwa mstari, hadi kwenye aya ya tano. Hapo watoto wakapiga makofi, naye akangoja wamalize.

Mwaka uliofuata watoto wale walikuwa darasa la nane. Tulisoma Jumamosi, tulisoma likizo, na wao ndio walionikumbusha saa. Matokeo ya mtihani wa taifa yalipotoka, mwalimu mkuu alikwenda kuyachukua mwenyewe. Aliporudi aliketi ofisini, akaniita, akanisukumia orodha. Shule yetu haikuwahi kuwa na alama kama zile. Watoto wengi walikuwa wameitwa shule za bweni, na wasichana wangu watatu shule za kitaifa. Mzee alitoa leso, akajifuta uso polepole, akasema, "Sasa naweza kustaafu."

Mtoto wa bweni anahitaji sanduku la bati. Mwishoni mwa Januari nilikwenda na wazazi kadhaa kwa mafundi wa Shauri Moyo, mahali ambapo nyundo hazinyamazi tangu asubuhi hadi jioni. Fundi mmoja alikuwa ameandika majina kwa rangi nyeupe juu ya masanduku, jina la mtoto na shule anakokwenda. Alikuwa amechoka, rangi imemfika hadi kwenye nyusi.

"Mwalimu," akaniuliza, "hawa wote wanatoka wapi? Tangu Jumatatu naandika tu watoto wa Jericho."

Nikamtajia shule yetu. Akasema haijui, akachovya brashi tena.

"Basi simama hapo unisomee herufi," akasema. "Bado kuna kumi na moja, na sitaki kukosea jina la mtu."

Nikasimama karibu naye, katika kelele zile za nyundo, nikamsomea majina ya watoto wangu herufi kwa herufi.