Moyo Unaotulia Makambako

Wateja wa mtaa wa Ramadhani, mjini Njombe, walishazoea. Ukimkuta Feliciana amesimamisha cherehani katikati ya mshono, vidole viwili vimekandamiza kifundo cha mkono, midomo inahesabu bila sauti, wewe kaa kwenye benchi usubiri. Fundi anausikiliza moyo wake. Akimaliza atashona, na gauni lako litakukaa vizuri kuliko ulivyotarajia.

Mimba ilikuwa ya miezi saba, lakini hofu ilikuwapo kabla ya mimba. Dada yake Stella alijifungua salama kule Makete, akarudi nyumbani, akaanza kuvimba miguu na kukosa pumzi, akafariki mtoto akiwa hajajua hata kucheka. Siku ya mazishi, wasifu wa marehemu uliposomwa ukafika pale pa maradhi ya moyo, Feliciana alijishika kifua. Tangu hapo aliamini moyo ule ni wa ukoo, na kwamba wake umelala tu, unamsubiri naye abebe mtoto.

Basi baridi ya Julai ilipoingia, ile ya Njombe inayomfanya mtu aone uvivu hata kunawa uso, moyo ukaamka. Akishinda kwenye chumba chake cha kushonea, mchana haujafika moyo unamwenda mbio, kichwa kinamgonga, kichefuchefu kinapanda. Mumewe Odilo, aliyekuwa akifanya kazi ya mbao Makambako, alimpeleka hospitali huko. Wakampima damu, wakampima presha, wakambandika nyaya kifuani. Moyo mzima. Akarudi tena baada ya wiki chache, mzima. Safari ya tatu daktari akamwambia kwa upole kwamba wasiwasi nao unatibiwa, na hakuna aibu kuzungumza na mshauri.

Feliciana aliona aibu hiyohiyo aliyoambiwa haipo, na hasira juu yake. Moyo gani huu? Ukifika Makambako mbele ya daktari unatulia kama mtoto wa ubatizo aliyeshiba, ukirudi Ramadhani unataka kumuua!

Mama mkwe wake, Mama Teodora, hakuwa na haja ya vipimo. Ni baridi, basi. Kila asubuhi alileta jiko la mkaa lililokwisha kushika moto, akalisukuma chini ya meza ya kukatia, akafunga dirisha, akaziba upenyo wa mlango kwa vitambaa.

"Mjamzito hapigwi baridi, mwanangu," alisema. "Ikikuingia wewe mgongoni, imempata na mtoto."

Feliciana alimshukuru kwa dhati, maana si kila mkamwana hupata mama wa kumwashia moto. Na kadiri moyo ulivyozidi kwenda mbio, ndivyo mama alivyozidi kuongeza mkaa.

Alhamisi moja ya ukungu alikuja Judith, mwalimu, kujaribu gauni la harusi ya mdogo wake. Pindo lilihitaji kushushwa kidogo, na kwa kuwa nje hakukaliki, akasema atasubiri ndani. Wakapiga soga. Feliciana akashona, akacheka pale pa kucheka, lakini tayari moyo ulikuwa umeanza. Kisha akakumbuka kitu: tangu asubuhi mtoto hajacheza. Mtoto ambaye kwa kawaida hamwachi amalize hata kikombe cha chai.

Ndiyo leo, akawaza. Alitamani kupiga yowe. Akaendelea kukanyaga cherehani.

"Fundi," Judith akasema, mkono kwenye paji la uso, "mbona na mimi moyo unanienda mbio? Kichwa nacho kinaniuma!"

Feliciana aliuacha mshono, akamshika mkono. Kwa miezi hakufanya kingine ila kujipima mapigo. Vidole vyake havikuhitaji kuambiwa. Mapigo ya Judith yalikuwa yakikimbia sawasawa na yake. Na Judith hakuwa wa ukoo wao. Hakuwa mjamzito. Kitu pekee walichoshiriki asubuhi ile ni chumba.

Akatazama chini ya meza. Mkaa ulikuwa mwekundu, mzuri, hautoi hata uzi wa moshi. Habari za watu waliolala na jiko wasiamke alizisikia kama kila mtu. Lakini wale walikuwa wamelala! Yeye alikuwa macho, mchana kweupe, anashona.

"Toka nje! Judith, toka!"

Alivipiga teke vitambaa, akausukuma mlango, akaanguka kwa magoti kwenye tope. Judith alitapika ukutani. Mama Teodora akaja mbio, kanga mkononi.

"Baridi hiyo, mwanangu! Rudi ndani!"

"Mama, usinirudishe ndani!" Hakuwahi kumpandishia sauti. "Ni jiko, mama. Ni jiko!"

Hospitalini Njombe muuguzi Hulda aliwavalisha wote wawili kifaa cha kupumulia hewa ya oksijeni, kisha akaweka kipimo juu ya tumbo la Feliciana. Kimya. Akakisogeza. Kimya. Akakisogeza tena. Vidole vya Feliciana vilikuwa vimeshika shuka. Kifundo cha mkono hakukikumbuka kabisa.

Ndipo moyo wa mtoto ukasikika, mdogo, wa haraka.

"Mbona unakwenda mbio hivyo?" Feliciana aliuliza.

"Wa mtoto tumboni ndivyo unavyokwenda," Hulda akajibu. "Huu ni mzima. Lakini mtalala hapa, tumwangalie vizuri."

Feliciana alilia bila kujificha. Alipogeuza uso alimwona Mama Teodora mlangoni, hathubutu kuingia.

"Nilikuwa nakuua kwa mikono yangu," mama alisema.

"Njoo, mama. Nipe mkono."

Mama akaja, akaketi ukingoni mwa kitanda. Feliciana akaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wa mama mkwe wake, akahesabu bila sauti.

"Unakwenda mbio sana," akamwambia. "Ni hofu tu, mama. Hiyo naijua. Kaa hapa na mimi mpaka itulie."