Tulivyomwombea Mzee Ngurumo

Juzi pale Keroka nilisimama kwa fundi viatu kungoja anishonee kiatu, nikanusa kitu ambacho sikuwa nimekinusa kwa miaka mingi: ngozi kuukuu iliyopigwa na jua, yenye chumvi ya mikono na moshi wa jikoni. Fundi alikuwa ametundika kava la redio ya zamani kama ile ya kwetu nyumbani, lile koti la ngozi lenye vitundu mbele kama uso wa mtu aliyepona ndui. Redio yenyewe haikuwemo. Nikasogeza pua, fundi akaniuliza kama nataka kulinunua au kulila.

"Niache kidogo, kaka," nikamwambia. "Namsikiliza mtu."

Mtu huyo alikuwa Mzee Ngurumo. Sasa ninyi mnaonisoma msianze kumtafuta katika ukoo wetu. Ngurumo alikuwa mzungu wa Marekani, mwimbaji wa nyimbo za kantri, mwenye sauti nene hivi kwamba akianza tu, vikombe vilitembea vyenyewe mezani na kuku wakakimbilia ndani wakidhani mvua imefika. Jina lake halisi lilitangazwa redioni kila Jumapili saa nane mchana, ila Mama hakuwa na haja nalo. Waimbaji wote aliwabatiza upya. Kulikuwa na Bwana Pua, aliyeimba kama mtu mwenye mafua ya miaka saba. Kulikuwa na Binti Machozi, ambaye kila wimbo aliuanza kana kwamba ametoka makaburini sasa hivi. Lakini Ngurumo ndiye aliyekuwa wetu. Gitaa likianza kuteleza, lile gitaa lao linalovuta sauti kama mtu anayeshuka mteremko wa matope kwa makalio, Mama alifuta mikono kwenye leso, akavuta kiti, akakaa.

Hapo ndipo penye habari yangu. Mama alikaa.

Kwetu ni kilima kimoja upande wa Nyamira, chai juu, ndizi chini, na njia ya kwenda kituo cha kununulia majani imesimama wima kama ngazi. Tata, yaani baba yangu, alikuwa kibarua Kericho, tukimwona mwisho wa mwezi. Kila kitu kilichobaki kilikuwa cha Mama. Alichuma chai tangu umande haujakauka, karatasi ya nailoni kiunoni, kikapu mgongoni, vidole vyeusi kwa utomvu usiotoka hata kwa majivu. Alikama, akakata nyasi, akateka maji, akangoja lori la majani ambalo dereva wake, naapa, alikuwa akilitengeneza upya kila siku kabla ya kuja. Mtasema, lakini ninyi ni Wasabato, mlipumzika Jumamosi. Walipumzika wanaume. Mama alipika Ijumaa kwa mbio ili jua lisizame sufuria ikiwa motoni, na Jumamosi akalisha wageni wa kanisa wenye matumbo yasiyo na sakafu.

Na tena kulikuwa na Magokoro, bibi yangu mzaa baba. Mlango wake ulitazamana na wetu. Kilimani kwetu mwanamke hakai mchana mikono mitupu. Akikaa, ataulizwa kama anaumwa, na kama haumwi ataulizwa kama ng'ombe wamekamwa, na kama wamekamwa kutatafutwa maharagwe ya kuchambua. Magokoro angeweza kumwona mkaza mwana aliyekaa hata kama yeye mwenyewe yuko mbali kule Suneka na ukungu umetanda.

Kwa hiyo Jumapili moja, nikiwa darasa la tano, Magokoro alitokea mlangoni gitaa likiteleza.

"Kwani leo kuna ugonjwa hapa?" akauliza.

"Hakuna, Mama," Mama akajibu bila kunyanyuka. "Namsikiliza mtoto Kiingereza. Mwalimu amesema asikilizwe. Kemunto, mzee huyu anasema nini?"

Mwalimu hakuwa amesema lolote. Lakini nilikuwa wa pili darasani kwa Kiingereza, na sifa hiyo nilikuwa nimeitangaza mpaka mtoni. Nikatega sikio. Wasomaji wangu, kile Kiingereza kilikuwa kimepikwa na mawe! Niliambulia maneno matano tu: mama, nyumbani, mvua, treni, barabara. Nikayashika hayo matano, nikajenga ghorofa.

"Anasema mvua ilimnyeshea barabarani," nikaanza. "Alipofika nyumbani akakuta nyumba imeungua."

"Na mvua inanyesha?" Magokoro akauliza.

"Iliungua kabla ya mvua."

"Ooo," akasema Magokoro, akaondoka. Elimu ilikuwa imemshinda.

Tangu siku hiyo, kila Jumapili saa nane, kazi yangu ikawa kumtafsiri Ngurumo. Nilimpa mke akatoroka na treni. Nilimpa ng'ombe aitwaye Kerandi, ambaye aliugua kwato kwa wiki nne mfululizo. Kijana wake nikamtia gerezani kwa kuiba magunia ya majani chai, maana sikujua wanaiba nini Marekani. Nyumba yake iliungua mara tatu. Mama alisema "ehe," halafu "ehe," halafu hakusema kitu, ameegemea ukuta, macho yamefungwa. Nilidhani anamhurumia mzungu. Nikaongeza moto.

Kisha ikaja ile Sabato. Wakati wa maombi ya mahitaji, wenye shida walikuwa wakisimama mmoja mmoja: huyu mguu, huyu mwana asiyeandika barua. Mbele alikuwa Mwalimu Osoro, mzee wa kanisa, na pia mwalimu wangu wa Kiingereza. Nikaona kwenye benchi la wanawake, Mama naye anasimama. Hakuwahi kusimama.

"Naomba mnikumbukie mtu mmoja aliye mbali," akasema. "Anaitwa Ngurumo."

Nikainama kutafuta kiatu ambacho hakikuwa kimepotea.

"Ni wa ukoo gani, dada?" Mwalimu akauliza.

"Ni mwimbaji wa redioni. Mke amekwenda. Kijana yuko ndani. Nyumba imeungua mara tatu."

Kijana mmoja nyuma akacheka puani, akafinywa na mamaye. Mwalimu Osoro akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Na tumwombee nini hasa?"

Mama akajifunga leso upya. "Apumzike," akasema. "Amechoka. Amechoka sana na hana wa kumwambia."

Nilikunja uso. Moto ulikuwa wangu, gereza langu, kwato zangu. Hili la kuchoka sikulisema mimi.

Kanisa likapiga magoti. Mwalimu Osoro aliomba muda mrefu, bila haraka, kwa ajili ya mtu yule aliyechoka, apate mahali pa kuweka mzigo. Nilifumba macho nikiomba ombi langu tofauti, kwamba Mwalimu awe hana redio.

Alikuwa nayo. Tulipotoka akaniita chini ya ukingo wa paa.

"Kemunto, kuja hapa. Huyo Ngurumo wako huwa namsikia. Anaimba habari za msichana wa mjini aliyemkataa. Hakuna nyumba iliyoungua. Wala ng'ombe."

Nikaanza kulia, kilio cha kusikika Kisii mjini. "Utamwambia Mama?"

Mwalimu alikuwa akitazama ng'ambo ya uwanja, ambapo Mama, mdogo wangu mgongoni, alikuwa ameinama akigawia wageni matoke, na kila aliyepokea alikuwa akimwonyesha mwingine ambaye hajapata.

"Kesho saa nane una kazi?" akauliza.

"Ya kutafsiri."

"Hadithi zako ni fupi mno. Irefushe ya kesho. Kipindi kikiisha, wewe usiishe."

Sikuelewa, lakini mwalimu akisema urefushe, unarefusha. Jumapili ile Ngurumo aliimba, Bwana Pua akaimba, kipindi kikaisha, nikazima redio kuokoa betri, nikaendelea kusema. Nilimtoa kijana gerezani. Nikamrudisha mke kwa treni, kituo kwa kituo, na kila kituo nikakipa jina. Mdomo wa Mama ulikuwa umefunguka kidogo, leso imemwangukia begani, mikono imelala mapajani viganja juu, vyeusi.

Magokoro akatokea mlangoni. "Amelala huyu?"

"Anasikiliza," nikasema.

"Kwa macho yaliyofungwa?"

"Kiingereza husikilizwa hivyo, Magokoro."

Alisimama pale akinitazama mimi, si Mama. Halafu akageuka, nikaisikia sauti yake bandani akimfokea ndama.

Siku hizi Kiingereza ninakijua. Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni pale Kisii, nikiwa na watoto wawili, nikisinzia juu ya daftari mpaka wino ukahamia shavuni, nikaenda hivyo kazini asubuhi na kusomwa na wateja. Nyimbo zile sasa nazielewa neno kwa neno, na kusema kweli hadithi zangu zilikuwa bora. Jioni nikifika nyumbani, watoto wakianza kunisimulia, nasema "ehe," kisha "ehe," na ukuta unanipokea.

Ni hapo, nimeegemea hivyo, miguu ikiwaka, ndipo ombi lile liliponifikia. Mama hangeweza kusimama mbele ya wanawake wenzake, ambao nao walikuwa na vidole vyeusi kama vyake, na kusema amechoka. Nani angemsikiliza? Basi akatafuta mtu aliye mbali, asiye na ukoo, akamtwika. Kanisa zima lilipiga magoti likamwombea Mama yangu bila kujua. Nakumbuka Mwalimu alipomaliza, sauti moja ya mwanamke ilitangulia zote kusema amina, nami niliona aibu kwa kuwa ilikuwa yake.